Alhamisi za Kolimeta Nyembamba

Mwalimu Gwamaka aliingia chumba cha mashine Jumatatu asubuhi akiburuta mguu wa kushoto, akaniamkia kama alivyozoea kuniamkia, kwa heshima yenye utani ndani yake.

"Shikamoo, Mama Lugano. Saba yako bado inafanana na jembe?"

Nilimjibu marahaba, nikamwambia kwamba siku hizi namba zangu zinaandikwa na mashine. Alicheka. Lakini alipopanda kitandani alishika nyonga kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba chombo kilichojaa maji.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mimi hamsini na nne. Miaka tisa nyuma yeye ndiye aliyenifundisha hesabu katika darasa la jioni kwenye ukumbi wa kanisa, baada ya mimi kuchuma chai nusu ya maisha yangu. Nilifeli fizikia mara mbili. Mara ya tatu alikaa nami kila Jumamosi mpaka nikaelewa jinsi kitu kinavyoweza kunyooka au kupinda, na kwa ajili hiyo leo nilikuwa mwendeshaji wa mashine ya gama katika kituo pekee cha wilaya nne za milimani.

Alikuwa amekuja kama mtu aliyeanguka na baiskeli, na ni kweli alikuwa ameanguka. Kama angesema amekuja kwa ajili ya saratani yake ya tezi ya shingo, mlango usingefunguka. Miezi minane iliyopita alikuwa amepewa Cheti cha Mwili Safi, na mwenye cheti haruhusiwi kupigwa picha ya ugonjwa huohuo kwa miaka mitano, ili foleni isogee.

Jumatatu ni siku ya mifupa. Dawa ya mifupa ina mionzi dhaifu, na mionzi dhaifu inataka kolimeta nyembamba, bamba la kuchuja mionzi, ambayo ilikuwa tayari mahali pake. Mashine ilimpitia taratibu kuanzia utosini. Tangu sheria ya picha ipitishwe hakuna daktari anayesoma picha tena. Mashine inatoa picha ghafi, nukta juu ya nukta kama mvua ya kwanza kwenye vumbi. Kisha Mjazaji, programu ya kusoma picha, anaichukua, anajaza palipopungua, anafuta palipozidi, anaisoma, anatoa jibu. Kisheria jibu la Mjazaji ndiyo picha. Lakini mimi nilikuwa na tabia ya kutazama picha ghafi kabla sijamkabidhi, kama mama anavyoonja mboga hata kama si yeye atakayepakua.

Nyonga ya kushoto ya Mwalimu Gwamaka iliwaka. Si kama mfupa uliogongwa. Iliwaka katika madoa matatu, na moja lilikuwa limefika kwenye paja.

Nilimwambia avae viatu, jibu ataletewa. Aliniuliza kama amevunjika. Nikasema hapana, na hilo lilikuwa kweli.

*

Alipoondoka nilifungua hifadhi ya picha ghafi nikatafuta ile yake ya miezi minane iliyopita. Nilikuwa najiambia kwamba labda ugonjwa ulirudi baadaye. Mtu akiogopa hujitungia maneno ya namna hiyo.

Picha ilifunguka, na shingoni mwake palikuwa na nyota yenye miale sita.

Naomba nieleze hapa, maana mambo yote yaliyofuata yanasimama juu ya nyota hiyo. Mwanga wa taa unaukusanya kwa lenzi. Mionzi ya gama haina lenzi. Inatoka mwilini kila upande, na ukiiacha ifike yote unapata ukungu mtupu. Kwa hiyo mbele ya mashine tunaweka bamba la madini ya risasi lenye maelfu ya matundu, kila tundu na pande sita kama sega la nyuki. Mwonzi ulionyooka unapita tunduni, uliokwenda upande unazama ukutani. Bamba hilo ndilo kolimeta. Matundu yakiwa mapana, mionzi mingi inapita na picha inaisha upesi, lakini haina makali. Yakiwa membamba na marefu, picha inakuwa kali, lakini mgonjwa atalala pale mpaka achoke. Tena kuna unene wa kuta. Iodini tunayowapa wagonjwa wa tezi ina mionzi yenye nguvu. Ukiitumia na kolimeta yenye kuta nyembamba, mionzi inatoboa kuta zenyewe, na inatoboa zaidi pale kuta zilipo chache, yaani katika pande sita za tundu. Popote iodini ilipojikusanya panazuka nyota.

Nyota ya pili ilikuwa kwenye kibofu, ambako iodini hupita na mkojo. Mwale wake mmoja ulikwenda kushoto ukafunika nyonga. Niliukodolea macho mpaka nikaona ndani yake doa dogo, limekaa chini ya mwale kama jiwe chini ya maji. Halafu nikafungua picha ya Mjazaji ya siku hiyohiyo. Ilikuwa nzuri sana. Haikuwa na nyota, haikuwa na mwale, haikuwa na doa. SAFI.

Nilijua ni Alhamisi ipi. Nilijua kwa sababu ni mimi.

Kolimeta nene ina uzito wa ng'ombe aliyenona. Tunaibadilisha kwa kitoroli chenye jeki, na mwaka ule jeki ilikufa. Tuliomba nyingine, tukasubiri wiki kumi na moja. Alhamisi ndiyo siku ya iodini, watu wanane kila Alhamisi. Alhamisi ya kwanza walikuwa wamekaa kwenye benchi wamejifunika mablanketi, nyuso zimevimba. Wagonjwa hao huacha vidonge vyao wiki nne kabla ya picha, na mwili usio na vidonge hivyo unakuwa wa baridi na mzito, hata kuongea ni kazi. Iodini walikwishaimeza siku mbili nyuma. Kuwarudisha nyumbani kulimaanisha mateso yale yote yamekwenda bure, na nafasi nyingine baada ya mwaka.

Mashine ilikataa kupiga picha ya iodini kwa kolimeta nyembamba. Inazitambua kwa chipu ndogo iliyobanwa pembeni. Nilisimama mbele yake nikaomba, nikasema Bwana, wewe uliyewahurumia makutano, nionyeshe njia. Kisha nikachukua bisibisi, nikang'oa chipu ya kolimeta nene nikaibandika kwenye nyembamba. Mashine ikakubali. Nikamshukuru Mungu.

Nilijua picha itakuwa na ukungu. Nilidhani Mjazaji ataupunguza na kusema hana hakika, na wagonjwa wataitwa tena. Lakini Mjazaji aliamini chipu. Kwa kolimeta nene nyota haiwezi kuwapo, basi kwake nyota ilikuwa uchafu, akaifagia na vilivyokuwa chini yake. Picha zikatoka nzuri kuliko za siku zote. Nikafanya hivyo Alhamisi kumi na moja. Watu themanini na wanane.

*

Daktari Mwakibinga, mkuu wa kituo, alinisikiliza bila kunikatiza. Ni mtu mpole, mzee wa kanisa letu, na sitaki kumfanya kuwa mbaya kuliko alivyokuwa. Aliniuliza kama kuna mwingine anayejua. Nikasema hakuna.

Akanieleza ninayoyajua. Nikiandika taarifa kwenye mashine, mashine itajifunga papo hapo, na hakuna wa kuifungua ila Baraza la Picha. Picha ghafi zote zitakazokuwepo siku hiyo zitahifadhiwa, vyeti vya wahusika vitafutwa, wataitwa wapigwe picha upya mahali pengine. Kituo kitafungwa miaka miwili. Mimi nitanyang'anywa leseni, pengine na zaidi.

Kisha akanieleza nisilolijua. Kwa sababu ya picha ya mifupa ya leo, angeweza kumwombea Mwalimu Gwamaka dozi kubwa ya iodini, ile ya kuua saratani yenyewe, na alikuwa ameshauliza. Ipo. Ndege isiyo na rubani ingeileta Alhamisi ya tatu kuanzia sasa, saa nne asubuhi. Vituo vingine foleni yao ni miezi kumi na moja, na nyonga ile haikuwa ya kusubiri miezi kumi na moja. Lakini kituo kilichofungwa hakipokei dozi.

Nikamwambia kuhusu picha ghafi. Zinakaa wiki thelathini na tisa, halafu mashine inazifuta alfajiri. Picha za Alhamisi ya kwanza zilikuwa zinafutwa Alhamisi hii. Wiki ijayo za pili. Siku ya dozi, kabla ndege haijatua, za tatu. Na bila picha ghafi Baraza halifuti cheti, na mwenye cheti hapokelewi popote kwa ugonjwa uleule.

Daktari alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Bi. Sekela," alisema, "mwalimu wako atibiwe kwanza. Hao wengine Mungu anawajua kwa majina."

"Na mimi ninayo majina yao, daktari. Yako kwenye daftari la mapokezi."

"Basi nenda ukaombe."

Nilitoka nikiwa na hasira, kwa sababu ndicho nilichokuwa nataka kwenda kufanya, na sasa kilikuwa kimekuwa amri yake.

*

Nilikwenda kwa Mwalimu Gwamaka Jumanne baada ya masomo. Anaishi Kyimo, nyumba ndogo yenye migomba nyuma. Mkewe Tumpe alinikaribisha kiti, akaleta chai na magimbi, akakaa kwa kujishikilia kiuno. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Walikuwa wamesubiri mpaka cheti kitoke ndipo wakathubutu. Nilimwomba mwalimu tukae nje.

Nilimweleza yote. Alisikiliza akitazama migomba. Nilipomaliza alinitaka nimweleze tena habari ya kuta, polepole, kama alivyokuwa akinieleza yeye. Nilichukua karatasi za mitihani zilizokuwa mezani kwake, nikaziviringisha moja moja, nikazifunga kwa pamoja kama fungu la mirija. Nikawasha taa ya simu nyuma yake. Mbele ilionekana mwanga ndani ya kila tundu, lakini karatasi zenyewe pia zilikuwa zinang'aa, kwa sababu mwanga ulikuwa unapenya.

"Nyembamba," alisema.

"Nyembamba."

"Na ulijua zinapenya."

"Nilijua zitapenya. Sikujua Mjazaji atafanya nini."

"Uliwahurumia."

Nikasema ndiyo.

"Mimi sikukuomba unihurumie, Mama Lugano. Ningekaa kwenye lile benchi mwaka mzima." Hakupandisha sauti. Alifungua ule mzigo wa karatasi akaanza kuzinyoosha kwenye goti, moja baada ya nyingine, ili wanafunzi wasije wakaona mikunjo. "Nilikuwa nawaambia darasani kwamba wewe ndiye mwanafunzi wangu bora. Nilikuwa najisifia wewe."

Nikamwambia kuhusu dozi na kuhusu zile Alhamisi tatu. Nadhani nilitaka anifungue. Nilikuwa nimekuja na matumaini, niyakiri hapa, kwamba atasema nenda katoe taarifa leo, usinijali. Nilikuwa nimeshajiandaa kulia kwa kumshukuru.

"Wanane mara tatu," alisema.

"Ishirini na nne."

"Si wote wana kitu ndani."

"Si wote. Sijui ni wangapi. Kwenye nyota mtu haoni vizuri. Nilipiga picha kioo cha mashine kwa simu, lakini Baraza halitambui picha ya simu."

Ndani Tumpe alikuwa akiosha vikombe. Kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Mimi ni mmoja, na wao ni ishirini na nne. Hesabu hiyo hata ulipokuwa hujui kugawanya ungeiweza. Nakuomba unisubiri."

"Mwalimu."

"Nisubiri, mama. Usiniulize tena, maana ukiniuliza mara ya pili nitaona aibu nikukubalie."

*

Nilifunga siku tatu kwa maji tu. Nilikwenda kanisani kabla ya kazi, nikapiga magoti kwenye saruji mpaka nikasikia baridi yake mifupani. Katika maisha yangu nimepata majibu kwa maombi. Nilipata ada ya mtihani, nilipata mtoto baada ya madaktari kukata tamaa. Safari hii nilipata kimya. Nilisema, Bwana, kama unataka niseme, nipe ishara kabla ya Alhamisi. Nikangoja ishara kama mtu anayengoja barua, na huku najua kwamba kalamu ninayo mimi.

Alhamisi ya kwanza ya kungoja nilifika kituoni alfajiri nikakaa mbele ya kioo. Orodha ya picha ghafi ilikuwa pale. Ilipofika saa kumi na mbili kamili, majina manane ya juu yalipotea, bila sauti. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu, na umri na kijiji cha kila mmoja. Nikafunga daftari nikaenda kuweka kolimeta nene kwa ajili ya wagonjwa wa siku. Jeki mpya ilipanda vizuri. Nilizungusha kila skrubu mara mbili. Wagonjwa waliniombea baraka kwa jinsi ninavyojali.

Alhamisi ya pili sikukaa mbele ya kioo. Nilisimama uani mpaka saa moja.

Daktari Mwakibinga hakunisemesha habari hiyo. Siku moja alinikuta kwenye korido akasema kwamba nimekonda, na kwamba kufunga sana si vizuri kwa umri wangu. Nadhani aliamini kwamba nikishavuka ile siku ya dozi nitazoea. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa naanza kuzoea.

Alhamisi ya tatu, ndege ilitua saa nne na dakika tano. Mwalimu Gwamaka alikuwa chumba cha kutengwa, chenye kuta za risasi na dirisha moja dogo la kioo kizito. Nilimkabidhi kidonge kwa koleo ndefu, nikatoka nikafunga mlango. Alikimeza, akanywa maji glasi nzima, akaniangalia kupitia kioo. Hakunishukuru, wala sikutaka. Alisema kitu ambacho sikukisikia, maana kioo hakipitishi sauti, na nilipoinua simu ya ukutani anirudie alitikisa kichwa akageukia ukuta.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine. Niliandika tarehe zote kumi na moja, namba ya chipu, na jina langu. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza. Taa zilizima kuanzia kitandani mpaka kwenye kioo, na nje mlango ukajifunga kwa komeo. Kule mapokezi walikuwepo watu wanane wamejifunika mablanketi. Nilitoka nikawaambia waende nyumbani. Mwanamume mmoja kutoka Makete aliniuliza kwa sauti nzito ya ugonjwa kama warudi wiki ijayo. Nikamwambia miaka miwili. Alinitazama kana kwamba amesikia vibaya, kisha akaanza kukunja blanketi lake polepole, upande kwa upande.

Baraza liliita watu sitini na wanne. Ishirini na wanne vyeti vyao vilibaki.

*

Niliposimamishwa kazi nikawa na muda. Nilichukua daftari nikaanza na jina la kwanza: Atuganile Mwasomola, miaka arobaini na sita, Lwangwa.

Nilimkuta akianika maharage kwenye turubai. Alinitambua kabla sijajitaja, akaacha kazi akanikumbatia, akawaita majirani wawili waje wamwone mama wa mashine. Nilikalishwa kiti chenye kitambaa. Ukutani, juu ya kalenda ya kanisa, kilining'inia Cheti cha Mwili Safi kwenye fremu yenye kioo, na pembeni picha yake mwenyewe akiwa na gauni jeupe mbele ya madhabahu, akishika kipaza sauti.

Nilingoja majirani waondoke. Kisha nikamwambia kwamba cheti kile si cha kweli, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba picha ya kuthibitisha nilikuwa nayo mkononi nikaiacha ifutwe. Nilimwomba aende Mbeya, aende popote, aseme anaumwa kitu kingine, adanganye, mradi apigwe picha.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonivunja moyo. Alinisikiliza kwa uso wa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa mwenye homa.

"Mama," alisema, "mimi nilitoa shukrani. Nilichinja, nikalisha watu. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema Mungu ameniponya, na watu watatu waliokoka siku ile kwa ushuhuda wangu. Sasa unataka nisimame tena niseme nini?"

Nikamwambia asiseme chochote kanisani. Aende tu hospitali.

"Nikienda nitakuwa nimeshasema."

Nilimwambia Mungu hakuandika cheti kile. Akasema anajua kwamba kazi yetu sisi wa mashine ni ngumu, na shetani humshambulia zaidi aliyetumiwa kwa mema. Akauliza kama nimekula. Akauliza kama nalala usiku. Kisha akasogeza kiti kingine pembeni, akapiga magoti mbele yangu, akaweka mkono wake wenye joto juu ya kichwa changu na kuanza kuniombea.

Aliomba vizuri. Aliomba roho ya mashaka initoke, aliomba nirudishiwe kazi yangu, aliomba nisamehewe hata yale nisiyoyafanya. Sikufumba macho. Kichwa chake kilikuwa kimeinuka kuelekea darini, na upande wa kulia wa shingo, chini kidogo ya kovu la upasuaji, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa karanga. Kila alipotaja jina la Yesu ulipanda, kisha ukashuka.

Alipomaliza alingoja.

Nikaitikia amina.